Nilikuwa napima asidi ya hewani, nikashikwa Kawangware kama mtengeneza bomu

Niaje wakuu.

Mimi huwa msomaji tu humu. Juzi kijana mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kufanya utafiti wa sayansi Kenya enzi zile, bila vifaa. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona heri nifungue uzi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha. Chuo sitakitaja, na kambi ya chifu sitaitaja. Pale ambapo nimesahau nitasema nimesahau.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nafanya masters ya kemia hapa Nairobi. Nilikaa Kianda, Kibera, chumba kimoja na dada yangu mkubwa Awuor na bwanake. Pazia katikati, mimi upande wa mlango. Dada alikuwa akiuza samaki wa kukaanga, shemeji alikuwa mjengo, vibarua vya ujenzi, siku akipata. Sisi ni watu wa ziwa, na huko nyumbani kila mtu alijua kwamba Odhiambo anasomea udaktari wa dawa. Nilishachoka kuwaambia si dawa.

Nilichokuwa nasomea ni hiki. Nitajaribu kueleza kwa lugha ya kawaida.

Siki mnaijua. Ndani ya siki kuna asidi. Sasa chukua asidi hiyo uiongezee oksijeni moja zaidi, unapata kitu kingine kikali sana, kinachochoma pua na macho. Familia yake inaitwa asidi za peroksi. Hewani ziko, kidogo sana, na hakuna mtu anayeziweka. Moshi wa magari, moshi wa makaa, hata harufu ya miti, vyote vikipikwa na jua, asidi hizo zinajitengeneza zenyewe.

Swali letu lilikuwa: zikishatokea, zinakaa hewani muda gani kabla ya kuvunjika? Zikivunjika haraka, zinaishia hapo hapo mjini. Zikikawia, upepo unazibeba hadi mashambani, zinaingia kwa mvua, zinaingia kwa majani.

Ni swali dogo, lakini karibu linimalize.

Supervisor wangu nitamwita Dokta Mulwa. Mtu mpole, mwoga kidogo, anavaa tai hata Jumamosi. Tulikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki maalum, unaoonyesha ndani kama kioo, mkubwa kiasi cha kitanda. Tunaujaza hewa safi, tunaingiza asidi kidogo, tunawasha taa zenye mwanga kama wa jua, halafu kila baada ya muda tunavuta hewa kidogo na kupima asidi iliyobaki.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Hewa inapita kwa maji yenye dawa, asidi inageuza maji yale rangi ya chai nyepesi. Unaongeza wanga, inakuwa buluu nzito. Kisha unadondosha dawa nyingine tone kwa tone hadi buluu ipotee. Ukihesabu matone unajua asidi ilikuwa kiasi gani.

Asidi ilikuwa inapungua mbio. Dokta alifurahi. Alikuwa tayari ameandika makala ya kupeleka ng'ambo.

Mimi ndiye niliyekuwa silali. Kitu kimoja hatukuwa tumekifanya vizuri: kupima gizani, taa zikiwa zimezimwa. Kama asidi inapungua hata gizani, basi si mwanga wala hewa inayoila. Ni plastiki ya mfuko. Na kama ni plastiki, hesabu yetu yote ni ya uongo, na jina langu litakuwa juu yake.

Nilimwambia Dokta. Akasema, "Fanya ya gizani kabla sijapeleka posta."

Wiki hiyo hiyo chuo kikafungwa.

Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi mambo hayo yalivyokuwa. Asubuhi kuna fujo, saa sita redio inatangaza, jioni wanafunzi wametolewa na magodoro yao. Kila mtu arudi kwao na awe anaripoti kwa chifu wa kwao. Sisi wa masters hatukuambiwa wazi kama agizo linatuhusu. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Ukiwa unajua umekatazwa, unajua. Ukiwa hujui, unatembea ukiangalia nyuma.

Kulikuwa na shida nyingine kubwa zaidi. Asidi yenyewe, ile nzito tuliyokuwa tunachota kidogo kidogo, ilikuwa kwa friji ya lab. Asidi ile haipendi joto, na haipendi kufungwa kabisa. Inatoa gesi polepole, kwa hiyo kifuniko chake kina tundu dogo la kupumulia. Ukiiacha ipate joto ikiwa imezibwa, inapasuka. Na stima pale chuo zilikuwa zinapotea kila siku.

Dokta alipata ruhusa ya kuingia mara moja. Nyingi tuliimwaga kwa maji mengi. Kichupa kimoja cha plastiki kikabaki, na tukatoka pia na ule mfuko, pampu na vioo vya kupimia.

"Hii inatosha kwa kipimo cha giza," akasema. "Una mahali penye friji na giza?"

Nilikuwa napo.

Kawangware, upande wa mtaa unaoitwa Kongo, kulikuwa na mama mmoja mwenye ploti, Mama Wairimu. Watu wa pale tangu zamani, wazee wake walikuwa na shamba kabla ya vyumba kujaa. Nilikuwa nimemfundisha binti yake hesabu hadi akapita mtihani wa fomu ya nne, ndiyo maana mama aliniita mwalimu. Nyuma ya vyumba vya wapangaji alikuwa na stoo isiyo na dirisha, na ndani friji kuukuu, ya siku alizokuwa akiuza maziwa. Stima ilikuwepo.

Nilimweleza ukweli wote. Kwamba ni asidi, ni kali, haifai kukaa na chakula, mtu asiguse.

"Italipuka?" akaniuliza.

"Ikikaa baridi na kifuniko kisizibwe, hapana, mama."

"Mwalimu, mimi nina wapangaji na watoto wao hapa."

"Najua, mama."

"Basi wewe ndiye utakuwa na funguo. Na mimi nitakuwa na ya pili."

Nikawa nashinda huko mchana, jioni narudi Kianda. Naamka, natembea, navuka Ngong Road, nafika Kongo. Kila nikiona kofia ya askari nabadilisha upande wa barabara. Dada Awuor aliniambia kwa Kijaluo, mara moja tu, "Ukishikwa, mimi nitamwambia mama nini?" Hakuuliza tena.

Ndani ya stoo nilitundika mfuko kwa kamba kutoka kwa mbao za paa. Nikaujaza hewa kwa pampu. Pampu ilikuwa inanguruma kama cherehani mbovu. Nikaingiza asidi, nikafunga mlango, nikakaa nje juu ya debe nikingoja.

Kipimo cha kwanza, buluu nzito. Cha pili, buluu imepungua. Cha tatu, imepungua tena.

Na hapo ni giza totoro, wakuu. Hakuna jua, hakuna taa. Asidi inaondoka tu.

Niliandika namba, nikazisoma tena. Kile nilichokuwa nahofia kilikuwa kweli. Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Ilibidi nirudie, na tena, ndipo niende kumwambia mtu mzima mwenye tai kwamba makala yake haifai.

Nikawa narudia. Siku zinaenda. Kila nikifika kitu cha kwanza ni friji. Nafungua mlango polepole, nasikiliza, nagusa kichupa kama kina ubaridi, naangalia kama pande zake zimenyooka. Usiku kule Kianda mvua ikinyesha na stima zikipotea, mimi nimelala macho wazi nikifikiria friji iliyo Kawangware.

Sasa harufu.

Hata ufanye vipi, kidogo kinatoroka. Ni harufu kama ya siki, lakini yenye meno. Wapangaji wakaanza kuisikia. Pampu inanguruma, chumba kimefungwa, harufu ya kitu kilichochacha, na kijana mgeni anaingia na mitungi ya kioo na mipira. Nyinyi mngefikiri nini?

Walifikiri napika chang'aa, ile pombe haramu.

Sijui nani alienda kwa chifu. Sikuwahi kujua, na sikutaka kujua. Mtu mwenye watoto akisikia harufu inachoma macho ana haki ya kwenda kusema.

Walikuja asubuhi, askari watatu, na mkubwa wao sajenti mmoja mnene, mtaratibu, hakuwa mtu wa kelele. Mimi nilikuwa nje juu ya debe langu.

"Unapika nini?" akaniuliza.

"Sipiki, afande. Napima."

"Unapima nini?"

"Hewa."

Wale wengine wakacheka. Sajenti hakucheka. Aliingia ndani, akaangalia ule mfuko umening'inia kama ng'ombe aliyechinjwa, akaangalia mirija, akaangalia maji ya buluu.

"Kipande," akasema.

Nikatoa kitambulisho. Na kwa sababu nilikuwa na wasiwasi, kikatoka pamoja na kile cha chuo, na hicho cha chuo kikaanguka miguuni pake. Akakiokota, akakisoma polepole.

"Mwanafunzi," akasema. Akakitia mfukoni.

Wakuu, wakati huo kuwa mpika chang'aa ilikuwa nafuu. Mpika chang'aa anatozwa faini. Mwanafunzi aliyejificha na mitungi, chuo kikiwa kimefungwa, hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Mama Wairimu alikuja akitembea haraka, leso mabegani. "Afande, huyo ni mwalimu wa mtoto wangu. Nilimpa stoo mimi."

"Tutakuita, mama," sajenti akamwambia kwa heshima.

Wakakata kamba, mfuko ukaanguka ukatoa pumzi. Wakabeba vyote kwa katoni. Mmoja akafungua friji, akatoa kichupa.

Nikasema, "Tafadhali afande, hicho kikae baridi. Na kifuniko msikaze."

"Nyamaza," akasema yule askari.

Naendelea, samahani, nilikuwa nimeenda kumfungulia mjukuu mlango.

Kambi ya chifu ilikuwa mabati, uwanja wa vumbi mbele, na foleni ya watu. Ilikuwa siku ya vitambulisho. Kina mama na watoto mgongoni, wazee, vijana, wamekaa kwenye mabenchi na wengine chini.

Mimi nikakalishwa benchi la ukutani, pingu mkono mmoja, upande mwingine kwa chuma cha dirisha. Sajenti akaingia ndani kumwona chifu. Yule askari aliyebeba katoni akaiweka juu ya meza iliyokuwa uwanjani, ile ya kuandikia majina ya watu wa foleni.

Juani.

Halafu akavuta pua. Harufu ilimkera. Akachukua kichupa, akakigeuza, akaona kile kitundu cha kifuniko. Akachukua plasta nyeusi ya fundi wa stima kutoka kwa dirisha, akakizungushia kifuniko chote, mara kadhaa, akakibana vizuri. Kisha akakirudisha juu ya meza, kwenye ukingo, karibu na birika la chai lililokuwa kwenye jiko la makaa chini.

Alikuwa anafanya kazi nzuri, kwa akili yake. Alikuwa anazuia harufu isisumbue watu.

Mimi niliona yote kutoka kwa benchi.

Hebu fikirieni mahali nilipokuwa. Nikinyamaza, kile kichupa kitapata joto. Labda kitapasuka, labda hakitapasuka, hakuna anayejua, na hata mimi sikujua kwa hakika. Karibu nacho kuna mama amekaa na mtoto wa kama mwaka mmoja, mtoto anacheza na mguu wa meza ile.

Nikisema, nitakuwa nimejihukumu. Mwanafunzi, chuo kimefungwa, na kwa mdomo wake mwenyewe anasema amebeba kitu cha kulipuka. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliopelekwa ndani kwa karatasi tu, karatasi iliyoandikwa maneno. Mimi nilikuwa na chupa.

Niliangalia zile pande za plastiki. Zilikuwa zimenyooka bado.

Niliangalia tena. Zimeanza kujaa, kama shavu la mtu aliyeweka maji mdomoni.

Nikasema kwa sauti, "Afande, ondoa watu hapo."

Yule askari akageuka. "Wewe unasemaje?"

"Ile chupa. Ondoa watu karibu nayo. Ikipata joto ikiwa imefungwa hivyo inapasuka."

Foleni yote ikageuka. Yule mama akamnyakua mtoto wake. Sikuhitaji kumwambia mara mbili.

Askari akanijia, akanizaba kofi. "Kwa hivyo ni bomu."

"Si bomu. Ni asidi ya kupima. Lakini imezibwa na iko juani, na jiko liko hapo. Tafadhali, nipige baadaye."

Sajenti alitoka aliposikia zogo. Aliangalia meza, akaangalia watu waliokuwa wameanza kurudi nyuma, wengine tayari wako barabarani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko wawili tu, "Unasema ukweli?"

"Angalia pande zake, afande. Zilikuwa zimenyooka, sasa zimevimba."

Akaangalia kwa mbali. Kisha akaamuru uwanja utolewe watu wote, hata chifu atoke kwa mlango wa nyuma. Askari wakawasukuma watu hadi ng'ambo ya barabara. Halafu kukabaki swali la nani aiondoe. Sajenti akamtazama yule wa plasta. Yule wa plasta akatazama viatu vyake.

"Nifungue mimi," nikasema. "Ni yangu. Nataka maji baridi, mengi, na kitambaa."

Kulikuwa na pipa la maji ya mvua pembeni mwa ofisi. Sajenti mwenyewe ndiye aliyenifungua pingu. Ufunguo ulikataa kuingia mara ya kwanza.

Nilitembea kwenda kwa ile meza. Ni hatua chache tu. Nilikuwa naomba kwa Kijaluo, sala ya watoto, ile ya kulala, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuja.

Niliondoa jiko kwanza, nikalisukuma mbali kwa mguu. Nikashika kichupa kwa kitambaa chenye maji. Kilikuwa na vuguvugu, kama mkono wa mtu. Nikakibeba hadi kwa pipa, nikakizamisha karibu chote, nikakishikilia ndani ya maji baridi.

Nikangoja. Kama kuna kitu kigumu katika kemia ni kungoja.

Kisha nikaanza kutoa plasta, polepole, uso nimeugeuza pembeni. Tabaka la mwisho lilipolegea, gesi ikatoka ikipiga mluzi mrefu. Pande za chupa zikarudi ndani. Nilisikia mtu ng'ambo ya barabara akisema, "Yesu."

Nikaimwaga yote ndani ya pipa, kidogo kidogo, nikikoroga kwa fimbo. Kwa maji mengi hivyo nguvu yake inaisha. Macho yalikuwa yanatiririka, pua inawaka. Nilipotoa mikono, vidole vyangu vilikuwa vimegeuka vyeupe kama chokaa. Asidi hiyo hufanya hivyo kwa ngozi, baada ya muda inarudi. Lakini yule askari wa plasta alipoviona alirudi nyuma kabisa.

Nilikaa chini vumbini.

Sasa msifikiri walinipigia makofi. Nilirudishwa pingu. Chifu alikuwa amekasirika, alisema nimeharibu ushahidi mbele ya macho yao. Nikapelekwa kituo kikubwa cha polisi, nikawekwa seli. Nilikaa siku ambazo sitazihesabu hapa. Yaliyotokea ndani ya seli pia sitaandika, kila mtu wa enzi ile anajua au anaweza kukisia.

Kilichonisumbua zaidi ndani ni Dokta Mulwa. Kila siku waliniuliza nani alinituma. Nilijua nikimtaja atashikwa. Nisipomtaja, hakuna anayeweza kueleza kwamba ule ni utafiti. Wakati ule walimu wa chuo walikuwa wanaogopa hata kivuli. Ningemwelewa kama asingekuja. Nilikuwa nimeshamsamehe kabla.

Dada Awuor ndiye aliyeenda kwake. Hakuwa anajua nyumba yake, aliulizia hadi akaifikia, na kapu lake la samaki mkononi. Baadaye aliniambia mke wa Dokta alilia mlangoni, akimwomba mumewe asiende.

Dokta alikuja.

Alikuja na tai, na makala ile aliyokuwa ameandika, na vitabu viwili. Nililetwa ofisini. Miwani ilikuwa inamteleza, akairudisha juu. Akamwambia mkubwa wa kituo, "Mimi ndiye niliyemtuma. Kama kuna kosa la kubeba ile chupa, ni langu. Huyu alikuwa anafanya kazi niliyomwambia afanye."

Mkubwa akageuza kurasa za ile makala, hakuna alichoelewa, na hakujifanya ameelewa. Akamgeukia sajenti wa kule kwa chifu, ambaye alikuwa ameitwa kutoa maelezo.

"Wewe unasemaje?"

Sajenti akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri. "Mkubwa, mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Mtu aliyeleta bomu hawezi kuomba watu waondolewe. Huyu aliomba kabla hatujamuuliza."

Nikaachiliwa mchana huo. Niliambiwa niende kwetu, niripoti kwa chifu wa kwetu, nisionekane Nairobi mpaka chuo kifunguliwe. Dokta alinipeleka hadi nje, tukasimama pale barabarani. Nikamwambia, "Dokta, inapungua hata gizani."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Nilijua utaniambia hivyo," akasema. "Nilijua tangu siku uliyouliza."

Kabla ya kwenda nyumbani nilipita kwa Mama Wairimu kumwomba msamaha. Askari walikuwa wameingia chumba kwa chumba siku ile, wapangaji wawili walihama. Alikuwa kibarazani anachambua maharagwe. Vile vioo vyangu vichache vilivyobaki alikuwa ameviosha, akavifunga kwa gazeti.

Nikasema nilichokuwa nimejipanga kusema. Alisikiliza akiendelea na maharagwe.

"Hiyo asidi yako," akasema, "hata sasa iko hapa hewani?"

"Iko, mama. Kidogo sana."

"Na inakaa muda gani?"

"Bado sijui."

"Si ndiyo ulikuwa unapima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi enda umalize, mwalimu." Akachagua jiwe dogo kati ya maharagwe, akalitupa. "Lakini si kwangu."

Chuo kilipofunguliwa tulianza upya. Dokta hakupeleka ile makala. Tulipima gizani, tukapima kwa mwanga, tukaondoa sehemu iliyoliwa na plastiki. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Ile mbio yote tuliyoiona mwanzoni ilikuwa kazi ya mfuko. Hewa yenyewe inaivunja asidi ile taratibu, kwa siku kadhaa, na kwa hiyo inasafiri mbali. Lilikuwa jibu la kuchosha kidogo na hakuna gazeti lililoliandika. Lakini lilikuwa kweli, na nililiandika kwa mkono wangu.

Dokta Mulwa amefariki miaka mingi sasa. Dada Awuor yuko nyumbani, magoti yanamsumbua. Mimi nilifundisha kemia sekondari hadi nikastaafu.

Somo nililopata si la kemia. Ni kwamba kuna wakati unaijua hatari ambayo wenzako hawaijui, na kuisema ndiko kutakakokuumiza wewe. Ukianza kupiga hesabu ya gharama, utachelewa. Sema kwanza, uogope ukiwa umeshasema. Mimi niliogopa kabla, wakati, na baada, na bado watu wote wa ile foleni walirudi kwao jioni.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wanakemia mliomo humu nisahihisheni nilipopotoka. Na nyinyi wengine, mngekuwa kwenye lile benchi na pingu mkononi, mngesema au mngenyamaza? Jibuni ukweli, hapa hakuna anayeandika maelezo.